Uyoga wa sumu

Jamani, nipo. Kimya cha wiki mbili kina sababu tatu: testi zilizofuatana kama mabasi ya asubuhi, bumu kuchelewa, na gemu. Kusema kweli gemu ndiyo sababu kubwa, hizo mbili nimezitanguliza ili mama akisoma asinune. (Mama hasomi huku, lakini huwezi jua.)

Gemu yenyewe ni Mario, yule fundi bomba mwenye masharubu. Wengi wetu tulicheza ile ya kwanza, ya mwaka 1985, kwenye zile mashine za kaseti za kuchomeka kwenye TV. Kaseti imeandikwa gemu 999, kumbe zipo chache zinajirudiarudia! Hii ninayoisema ni nyingine. Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja, yeye dabo deka ya juu mimi ya chini, anayo kwenye laptop yake: Super Mario Bros. 2, ile iliyotoka Japani mwaka 1986. Ukiitazama ni ileile. Mabomba yaleyale, vile vidudu vya kahawia vilevile, mlingoti wa bendera uleule. Nikamwambia jamaa, hii si ya utotoni hii, lete hapa nikuoneshe.

Nikaanza kwa madaha. Kufika kwenye maboksi ya mwanzo tu, nikapiga kichwa, uyoga ukatoka, nikaukimbilia. Si uyoga ndio unaokukuza? Nikafa.

Jamaa kule juu alicheka mpaka kitanda kikatikisika. Kumbe kuna uyoga wa sumu, na wameuweka pale mwanzoni kabisa, kabla hujapasha hata vidole.

Na huo ndio salamu tu. Kuna matofali yasiyoonekana: unapima shimo vizuri, unaruka vizuri, katikati ya hewa unagonga kichwa kwenye kitu ambacho hakipo, unatumbukia. Kuna upepo unaokubeba ukiwa angani. Yale maua mekundu kwenye mabomba yanatoka hata ukiwa umesimama pembeni kabisa, wakati tangu utoto tunajua ukisogea karibu ua linabaki ndani. Halafu dunia ya 3 kuna sehemu ya siri ya kuruka dunia, zile tulizokuwa tunazitafuta kama dhahabu. Safari hii nikakuta bomba moja tu, juu yake imeandikwa 1. Yaani umetafuta njia ya mkato, umeipata, na inakurudisha ulikotoka. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Usiku ule nilikufa mara arobaini na kitu, nikaacha kuhesabu. Niliwatukana waliotengeneza. Nilisema huyu mtu hakutaka nishinde, alitaka nikosee tu. Nilipotamka hivyo, nikanyamaza, kwa sababu sentensi hiyo nilishaisikia.

Mwaka jana fildi nilipangiwa shule moja ya kata, hisabati, kidato cha pili. Tulifika kwenye Pythagoras. Mifano yangu yote ubaoni ilikuwa ya pembetatu mraba yenye pande 3 na 4, jibu 5, darasa zima linaitikia kwa furaha. Kwenye testi, swali la kwanza kabisa, nikachora pembetatu yenye 3 na 4, ila 4 nikaiweka kwenye ule upande mrefu unaotazamana na pembe mraba. Jibu ni kipeuo cha pili cha 7. Nilijiona mjanja sana. Darasa la wanafunzi 61, waliopata walikuwa 4. Mwalimu mwenyeji wangu akanisifu, akasema testi imechuja.

Kulikuwa na binti wa dawati la pili, yule wa kunyoosha kidole hata kabla swali halijaisha. Aliandika 5, akapigia mstari mara mbili. Nilipowarudishia karatasi akauliza, si kwa ubishi, kwa mshangao tu: "Mwalimu, ulitaka tukose?" Nikajibu kitu kuhusu kusoma swali kwa makini. Wiki nne zilizobaki sikuuona tena mkono wake.

Sasa, sitaki kuwaonea watengenezaji wa gemu. Ile ya 1985 ni mwalimu mzuri kuliko wengi wetu. Kidudu cha kwanza kinakujia taratibu, unajifunza kuruka. Uyoga wa kwanza unagonga bomba na kukurudia, hata ukiukimbia una nafasi kubwa ya kukugusa, ndipo unagundua ni mzuri. Hakuna aliyekuhubiria. Hii ya 1986 ilitengenezwa kwa watu waliokwisha kuhitimu ile ya kwanza. Mitego yake ni utani kati ya watu wanaojuana. Na hata hivyo ofisi ya Nintendo ya Marekani iliikataa. Howard Phillips, aliyekuwa kazi yake kupima gemu pale, aliona ni ngumu mno na haina raha, wakawapa Wamarekani gemu tofauti kabisa kwa jina hilohilo mwaka 1988. Hii ya kweli waliipata mwaka 1993, ikiitwa The Lost Levels.

Mimi niliwapa watoto wa kidato cha pili utani wa wahitimu. Na mimi gemu nimeitaka mwenyewe, nikichoka nafunga laptop nalala. Wao walikuwa na maksi, na kengele bado haijalia.

Mwezi wa saba narudi fildi. Swali lile nitalitoa tena, maana ni swali zuri, anayelijua ameelewa kweli. Ila nitaanza nalo ubaoni, wakosee pale bure, kwa kelele, tucheke wote, mimi nikiwemo. Kwenye testi litakaa namba nane huko, sio mlangoni.

Yule binti sasa atakuwa kidato cha tatu. Nimefikiria kumtumia salamu kupitia mwalimu mwenyeji, nikaona itakuwa ajabu, nikaacha. Bado nafikiria.

Gemu iko dunia ya 4. Jamaa amechukua laptop yake, ana presentesheni kesho, ameniachia andalio la somo ambalo nilitakiwa kulikabidhi tangu Jumatatu.