Mzinga Mdogo na Vumbi la Kondoa

Ziko safari za biashara, na ziko za misiba na arusi. Hii ninayokusimulia ilianzia juu ya meza ya chakula nyumbani kwangu, mahali ulipokuwa ukikauka mzinga usiozidi urefu wa kalamu.

Mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa ameuunda kwa karatasi ngumu na kalamu iliyokwisha wino. Ulikuwa mfano wa mmojawapo wa mizinga 10 ya meli ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga ile, wakaitia magurudumu, wakaenda nayo kupigana nchi kavu. Mtutu halisi ulikuwa na urefu wa meta 4.2, kijana aliugawa kwa 35, akapata sentimita 12. Hesabu haikuwa na kasoro. Lakini rangi yake ya kijivu iling'aa kama sufuria mpya dukani.

"Baba," akaniambia kwa masikitiko, "huu haujapigana."

Kwa kuwa mizinga ya Königsberg ilinguruma Kondoa mwaka 1916, niliamua twende tukaione ardhi iliyoichafua.

Dodoma imekaa juu ya uwanda wa kati, meta zipatazo 1,100 kutoka usawa wa bahari. Tangu mwaka 1973, ulipoamuliwa kuwa makao makuu ya nchi, mji huu umeota majengo mengi, ila kiangazi chake ni kile kile cha mababu. Upepo huinua vumbi, nalo hutua juu ya mabati, minyaa na mibuyu bila kubagua. Kijana alisimama akakodoa macho. Bati la buluu, ukuta mweupe na majani mabichi, vyote vilikuwa vimekaribiana kama ndugu wa tumbo moja. Vumbi halikuificha rangi ya chini. Liliigeuza kidogo tu.

Naam, hivyo ndivyo wafanyavyo mafundi wa mifano midogo ya zana za vita. Huchukua tone moja la rangi ya mafuta, wakalizimua kwa matone yapatayo 20 ya tapentaini, kisha wakapitisha brashi iliyokamuliwa juu ya chombo kizima. Utandu huo ukikauka, rangi zote hupatana.

Tukashika njia ya kaskazini, tukapita Chenene na Haneti, hata ardhi ikabadilika kuwa nyekundu. Kondoa ilipata kuharibiwa vibaya na mmomonyoko. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu zilizoumia zaidi ili majani yapate kurudi. Makovu ya makorongo yangaliko. Mvua ilishuka na udongo mwekundu, ikauacha mabondeni, na migongo ya vilima ikabaki myeupe.

Hapo tulipata somo la pili. Rangi iliyozimuliwa, nzito kidogo kuliko ile ya utandu, humiminwa juu ya mfano. Nayo hutiririka yenyewe hadi kwenye mifereji, pembe na vichwa vya misumari, ikaacha kivuli. Iliyobaki juu hufutwa kwa kitambaa. Sharti rangi ya kwanza iwe ya maji na iwe imekauka kabisa, la sivyo tapentaini itaichubua. Mimi nililijua sharti hilo baada ya kuharibu gurudumu moja.

Jioni, mjini Kondoa, nilimsimulia kijana habari za vita. Majeshi ya Jenerali van Deventer yaliingia hapa Aprili 1916, masika yakayafungia njia. Mei, von Lettow-Vorbeck akayashambulia bila kuyang'oa. Dodoma ilitekwa mwishoni mwa Julai. Kijana alisikiliza, kisha akauliza: "Baba, mahali pasipo reli, nani aliuvuta mzinga?"

Nilinyamaza kwa muda. Mizinga ile ilivutwa kwa kamba na mabega ya watu wetu. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua wapagazi, ng'ombe na nafaka za Wagogo. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu. Ikaja njaa iliyoitwa Mtunya, ya miaka 1917 hadi 1920. Wanahistoria wamekadiria kwamba iliua watu 30,000 kati ya 150,000 wa Ugogo.

Nakiri kwamba nilikuwa nikisita kumwacha mtoto achezee zana za vita. Usiku ule niliona kwamba hatari kubwa zaidi ni mzinga unaong'aa, kwa maana huo hausemi lolote juu ya aliyeumia.

Asubuhi tulichota udongo mwekundu, tukaufunga katika karatasi. Nyumbani kijana aliupaka mzinga rangi iliyozimuliwa, akausubiri ukauke, akaupitishia utandu. Kisha, kama watoto wa uwanda ule wanavyofinyanga ng'ombe, akaulowesha udongo uliosalia, akafinyanga watu 12, akawafunga kamba ya nyuzi za katani mabegani.

Sasa mgeni akija nyumbani kwetu, hauulizii mzinga. Huuliza watu wale ni akina nani, na kijana humjibu.