Lori Lililokwenda Kapir

Vijana wa siku hizi wakisikia kwamba mtu alikwenda kuwinda, hudhani habari yote ni bunduki na mnyama. Sisi tuliotoka shuleni zamani twajua kwamba nyikani kilicho kikubwa ni gari, na ndani ya gari ni maji. Nitawaeleza jambo lililotupata Januari 1963, nami nilikuwa nyumbani kwetu Bugembe kwa likizo.

Mjomba wangu alikuwa na leseni ya kuwinda, akanichukua pamoja na rafiki zake wawili. Tulikwenda kwa Land Rover kupitia Iganga na Tororo hata Mbale. Hapo Mjomba alikodi lori la kuchukua mapipa ya maji, unga, chumvi ya nyama, na petroli ya kurudia. Lori lilikuwa halijapakiwa bado, basi tukaagana na wenyewe kwamba litatufuata Nakapiripirit, kusini mwa Karamoja, chini ya mlima Kadam. Sisi tukatangulia. Kutoka Muyembe hata huko ni kilomita zipatazo 90, na siku zile ilikuwa vumbi na miiba tu.

Tulipiga kambi kando ya mto uliokauka, maana ulikuwa wakati wa kiangazi. Jioni lori halikuja. Asubuhi halikuja. Tulikuwa na debe moja la maji, na sehemu yake ilikwisha kutiwa katika rejeta. Petroli iliyobaki haikutosha kuturudisha Mbale. Mjomba alipiga kongoni mmoja, lakini nyama haishuki koo likiwa kavu. Mmoja wa rafiki zake akashikwa na homa, nasi tukamwachia yeye maji yaliyosalia.

Siku ya pili, adhuhuri, alitokea mzee Mkaramojong pamoja na vijana wawili na ng'ombe wao. Sisi Wasoga hatukujua lugha yake, wala yeye hakujua yetu. Lakini alikuwa askari wa K.A.R. wakati wa vita, na katika jeshi lile watu wa makabila yote walisemezana kwa Kiswahili.

"Jambo, bwana," alisema.

"Jambo, mzee. Twatafuta maji. Yako wapi?"

Mzee akacheka sana. "Maji iko hapa hapa. Nyinyi nalala juu yake."

Vijana wake wakashuka mtoni, wakachimba mchanga kwa vibuyu na mikono hata shimo likawafika kifuani. Maji yakaanza kutoka polepole, meupe kama yaliyotiwa maziwa. Tukayachemsha, mgonjwa akanywa, nasi tukanywa. Mjomba alipotoa fedha, mzee alikataa, akasema maji hayauzwi. Alipokea tumbaku na paja la kongoni.

Lori lilifika siku ya tatu. Dereva, mgeni wa sehemu zile, alitoa karatasi aliyopewa na karani wa wenye lori. Ilikuwa imeandikwa "Kapir". Kapir iko Teso, upande wa kwenda Soroti! Alikaa huko mchana kutwa akiulizia wawindaji wa Bugembe, na watu walimcheka, wakamwambia kwamba pale hakuna wanyama ila ng'ombe wao. "Mimi nilifuata karatasi," akatuambia, wala hatukuona la kumlaumu.

Siku hizi majina hayo mawili hayachanganyiki kwa urahisi. Nakapiripirit ni wilaya tangu mwaka 2001, na Kapir imo katika wilaya ya Ngora. Wala msiende kuwinda huko, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyika ile ni hifadhi ya Pian Upe, na kuwinda bila kibali ni kuvunja sheria.

Tangu safari ile Mjomba alishika kanuni mbili. Kwanza, dereva alitamke mwenyewe jina la mahali aendako, pamoja na jina la wilaya yake. Pili, maji na petroli visitengane na watu hata kidogo. Nami naongeza ya tatu kwenu wanafunzi: msikidharau Kiswahili. Kama mzee yule asingalikijua, tungalikufa kwa kiu na maji yako chini ya mikeka yetu.