Okidi ya Buluu

Mhariri ameniomba niwaandikie wanafunzi wa sasa habari za kazi yangu hapa Uingereza. Kazi yenyewe ni ya maua. Najua wenzangu niliomaliza nao watacheka, maana siku zile sisi sote tulitaka kuwa madaktari. Hata hivyo, huu ni mwaka wangu wa tisa katika nyumba za vioo za mzee mmoja anayekuza okidi, na leo nitaeleza jambo moja tu ambalo hutugombanisha mimi na yeye, nalo ni rangi ya buluu.

Okidi za mzee wangu nyingi ni zile ambazo Waingereza huziita okidi za nondo, kwa sababu petali zake zimetanda kama mabawa. Ziko nyeupe, za waridi, za manjano na za zambarau, lakini yenye buluu ya mbingu hakuna. Si kwa uvivu wa wakuzaji. Mmea huo, kama mwaridi, hauna kimeng'enya cha kutengeneza rangi iitwayo delfinidini, kwa hiyo hata ukichanganya mbegu miaka mia huwezi kuipata.

Basi wataalamu wakatafuta njia nyingine. Kampuni ya Suntory ya Japani ilitia jeni ya ua la pansi katika waridi, na mwaka 2009 waridi hilo likaanza kuuzwa. (Mimi katika picha zake naona zambarau nyepesi tu, lakini wenyewe huliita la buluu.) Halafu mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Chiba pamoja na kampuni ya Ishihara Sangyo wakatangaza okidi ya nondo ya buluu, na mwaka 2013 ikaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya okidi mjini Tokyo. Jeni yake ilitoka katika gugu la Asia lenye ua dogo la buluu. Jamaa wa gugu hilo ndilo lile tulilokuwa tukiling'oa katika shamba la shule kila Jumamosi, ambalo Waganda huliita ennanda. Nilipomwambia mzee kwamba rangi iliyotafutwa na dunia nzima mimi nilikuwa nikiitupa kwa makarai, alicheka hata akakaa chini.

Lakini juu ya okidi yenyewe hakucheka. Lazima mjue kwamba okidi chotara ya kwanza iliyofanywa kwa mkono wa mtu ilichanua mwaka 1856, katika kitalu cha akina Veitch huko Exeter, na kwamba machotara huandikwa katika daftari ambalo tangu mwaka 1961 limetunzwa na Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza. Huandikwa mama, huandikwa baba, na aliyewachanganya. Mzee huweza kutaja nasaba ya okidi kama wazee wetu wanavyotaja koo. "Sasa hii ya Chiba," aliniuliza, "utaandika baba yake nani? Gugu?"

Nilimjibu kwamba yeye naye hununua miche ya maabara. Tangu Mfaransa Georges Morel alipoonyesha mwaka 1960 jinsi ya kuzidisha okidi kutoka katika ncha ya chipukizi, mmea mmoja hutoa maelfu yaliyo sawasawa. Alikubali, ila akasema kuzidisha kitu si kukigeuza.

Hapo sikubaliani naye. Sioni rangi hiyo ndani ya petali itamdhuru nani. Hila hasa ni ile ya kupiga sindano ya rangi ya buluu katika shina la okidi nyeupe, ambayo ilianza kuuzwa sana Marekani mwaka 2011. Mnunuzi huenda nayo nyumbani, na maua yanayofuata huchanua meupe. Wengine hutuletea sisi hasira zao, na hatujawahi kuuza hata moja.

Iko hoja yake moja, lakini, iliyonishinda, nayo ni ya petunia. Mwaka 1990 wataalamu wa Ujerumani walipanda shambani mjini Cologne petunia 30,000 zilizotiwa jeni ya mahindi ili ziwe na rangi ya machungwa. Jaribio likaisha, watu wakasahau. Mwaka 2015 mtaalamu wa mimea wa Finland aliona petunia za rangi ya machungwa karibu na stesheni ya Helsinki, akachukua kipande, akapima, akaikuta jeni ile ile. Mwaka 2017 aina nyingi za petunia ziliondolewa sokoni Ulaya na Marekani, zikaharibiwa. Wengi waliokuwa wakiziuza hawakujua walichonacho.

Petunia ni ua la msimu mmoja. Mwakani hupandwa jingine. Mzee wangu amefuata ukoo mmoja miaka 22, kuanzia okidi ndogo ya Malaya iitwayo Phalaenopsis violacea, ambayo mara chache huzaliwa na rangi inayokaribia buluu. Mtu akimuuzia chavua yenye asili iliyofichwa, naye akaichanganya, ingempasa kuchoma kila kitu. Kampuni ingepata hasara ya fedha, lakini yeye angepoteza umri wake.

Kwa hiyo mimi nasema okidi za jeni zisikatazwe, bali ziandikwe katika daftari, na jeni itajwe waziwazi. Mzee anasema wapewe daftari lao wenyewe. Tumebishana hivyo mara nyingi mpaka mkewe atuite kunywa chai.

Mwezi Machi mwaka huu tulitoa katika chupa miche mipya 210 ya ukoo ule, kila mmoja mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ikienda vizuri, wa kwanza utachanua baada ya miaka mitatu hivi. Mzee ana miaka 78. Ameandika vibao vyote kwa mkono wake, mama na baba, na mahali pa jina amepaacha wazi.