Karoti Zilizoshuka Mlimani

Surua iliingia kijijini kwetu Mgeta masika ya 1979, wiki ileile redio ilipotangaza kuwa Kampala imeanguka. Wanaume walijaa uwanjani kwa mjomba wakishangilia. Mimi nilikuwa ndani, nimempakata mdogo wangu wa miaka mitatu. Alikuwa na homa, kamasi zinamchuruzika, macho mekundu. Nilikuwa darasa la tano.

Siku ya nne vipele vikatokea nyuma ya masikio, vikashuka usoni hadi tumboni. Nyumbani wakashukuru, maana tuliamini surua isipotoka nje huua. Mwanga ulimuumiza, ukifungua mlango alijifunika uso na kulia, kwa hiyo tukaziba dirisha kwa gunia. Kila asubuhi kope zilikuwa zimegandamana kwa matongo, nazilowesha kwa maji ya uvuguvugu mpaka ziachane.

Kuna jambo tulikuwa tumeliona kabla ya surua na hatukulielewa. Tangu Krismasi, jua likizama, alikuwa akipapasa ukuta na kujikwaa kwenye mafiga. Mama alidhani ni usingizi.

Bibi akateremka bondeni, akarudi na majani. Akayaponda, akayakamua kwa pindo la kanga. "Mshike kichwa," akaniambia. Nikamshika. Matone yalikuwa ya kijani, yananuka nyasi mbichi. Mdogo wangu alirusha teke, kibakuli kikamwagika, bibi akaponda mengine. Tulifanya hivyo siku tatu, asubuhi na jioni. Bibi alimpenda mtoto yule kuliko sisi sote. Nataka hilo lieleweke.

Baadaye katikati ya jicho la kushoto pakatokea doa jeupe, kama utandu wa uji uliopoa. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ni zito. Mjomba akasema ashushwe mjini. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, tukatembea hadi Mlali, mama amembeba mgongoni, mimi nyuma yao. Mbele yetu wanawake walikuwa na matenga ya karoti kichwani, wanawahi gari la Morogoro. Karoti, kama kabichi na njegere, zilikuwa za kuuza. Sisi tulikula ugali, ndizi na maharage. Sikumbuki hata siku moja mtoto yule kupewa karoti. Karoti ilikuwa daftari, chumvi na mafuta ya taa.

Hospitali walimpaka dawa machoni, wakamfunga bandeji. Jicho la kulia lilipona. La kushoto likabaki na chamba.

Kwa miaka tisa niliamini ni surua tu. Mwaka 1988 nilikuwa nasomea uuguzi, na mwalimu akatusimulia utafiti uliochapishwa mwaka mmoja nyuma, uliofanyika Hospitali ya Mvumi, Dodoma, hapo jirani tu. Watoto 180 walilazwa kwa surua. Wapo 88 waliopewa vitamini A, yuniti 200,000 siku ya kwanza na nyingine kama hizo kesho yake, 92 hawakupewa. Katika waliopewa walikufa 6, katika wasiopewa 12.

Kisha akaja kwenye macho. Kirusi cha surua hushambulia ngozi laini ya jicho lenyewe, na wakati huohuo humaliza akiba ya vitamini A mwilini. Kama mtoto alikuwa nayo kidogo tangu mwanzo, kioo cha jicho hukauka, hulainika, na huweza kutoboka ndani ya siku chache. Virusi vya malengelenge ya mdomoni navyo hupata nafasi. Kupapasa magharibi, akasema, ndiyo dalili ya mapema. Majani yanayokamuliwa machoni huunguza kidonda au huingiza vijidudu. Niliweka kalamu chini. Yote hayo yalikuwa yamekutana kwenye jicho moja, na kichwa nilikishika mimi.

Tangu hapo nimechanja watoto miaka mingi. Nimepanda Nyandira na Bunduki na kasha la barafu begani, maana chanjo ya surua huharibika kwa joto: dozi ya kwanza miezi tisa, na tangu 2014 ya pili mwaka na nusu. Kidonge chekundu cha vitamini A nakikata ncha kwa mkasi, nambana mtoto mashavu taratibu, nakikamulia mdomoni. Kila mara namuuliza mama yake: jioni anaona vizuri?

Mdogo wangu sasa analima karoti palepale. Akizichambua, hugeuza uso kushoto ili jicho la kulia lifike.

Bibi alifariki 1991. Miaka yake mitatu ya mwisho, kila nilipopanda likizo aliniuliza, "Mjukuu wangu, huko hospitali hawajapata dawa ya jicho la mwenzio?" Nilimshika mkono, nikamjibu, "Bado, bibi."