Wawili Wakiimba, Tuwaone Wote Wawili

Msomaji wangu, hivi umeshajiuliza kwa nini wasanii wanaoimba wawili wawili wanatugusa sana? Mimi nadhani tunajiona humo. Wawili ni uhusiano. Kuna kupeana zamu, kuna kubebana, na kununiana pia kupo.

Kwetu Haneti, nilikokulia, Mandojo na Domokaya walitufikia kwa kaseti na CD za video. Jenereta ikiwashwa jioni kibanda kinajaa: wachimbaji wa yale madini ya kijani, makondakta, na sisi wanafunzi tumejibana mlangoni. Ukianza wimbo wao "Nikupe Nini" na lile gitaa, watu kimya! Lakini tulichokuwa tunaangalia ni kichupa tu, midomo inafuatisha sauti iliyokwisharekodiwa studio. Wakiwa laivu, mmoja akiishiwa pumzi mwenzake anamdaka vipi? Kichupa hakisemi.

Filamu ya onyesho la laivu ndiyo inayosema. Chukulia Simon na Garfunkel wa Marekani. Walianza kuimba pamoja tangu shuleni, wakaachana mwaka 1970 wakiwa juu ile mbaya. Septemba 19, 1981 wakapanda tena jukwaa moja, bustani ya Central Park, New York, bila kiingilio, mbele ya umati uliokadiriwa kufika watu 500,000. Kamera zilikuwepo, na mwaka 1982 onyesho likarushwa kwenye televisheni na albamu yake ikatoka. Humo kuna mahali Garfunkel anaimba peke yake wimbo aliotunga Simon, na shangwe zote zinamwendea yeye. Jamani, kumwachia mwenzako ang'are kwa jasho lako si mchezo! Baadaye walijaribu kurekodi albamu mpya pamoja, ikashindikana, ikatoka mwaka 1983 kama ya Simon peke yake. Lakini ile jioni ipo. Hakuna ugomvi unaoweza kuifuta.

Na sisi je? Agosti 2024 Mandojo alifariki dunia, tena hapa hapa Dodoma. Siku ile ofisini nilimwonyesha vichupa vyao binti mmoja aliyekuja fildi, ambaye hakuwakuta enzi zao. Akatazama, akatikisa kichwa kwa mdundo, halafu akaniuliza, "Dada, kwani jukwaani walikuwa wanaangaliana?"

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani. Baba na mama yangu waliimba kwaya moja pale Haneti miaka na miaka, baba besi, mama soprano. Baba hatunaye tena. Picha yake ya kitambulisho tunayo, na za mama kwenye harusi za watu zimejaa albamu. Ya wawili wao wakiimba, hakuna hata moja. Mama akianzisha wimbo jikoni, akifika pale besi ilipokuwa inaingia ananyamaza kidogo, kisha anaendelea. Wajukuu wanadhani amesahau maneno.

Kwa hiyo nyie mnaowasimamia wasanii wetu, kurekodi onyesho zima kuanzia salamu mpaka kwaheri si anasa. Kichupa kinauza wimbo mmoja, ila onyesho ndilo linalobaki na watu wenyewe: kikohozi, utani katikati ya nyimbo, jicho la "haya, ingia wewe." Mmoja akiondoka hakuna studio itakayoyatengeneza hayo, hata uwe na pesa kiasi gani.

Na wewe mwenye mwenzi wako, usisubiri jukwaa. Simu unayo mkononi. Mpe mtoto au jirani awachukue mkiwa mnapika, mnabishana bei ya mahindi, mnaimba ovyo. Msikae mkao wa picha, na sauti iwepo. Hata kama mnaimba vibaya, msifute.