Kutoka Mteremko wa Mukumu Hadi Milima ya Chuma

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kakamega hupita katika nchi isiyojua tambarare. Barabara yapanda vilima, yapita Maragoli, yateremka bondeni kuuvuka mto Yala, kisha yapanda tena; na kabla hajafika soko la Khayega msafiri huyo ataona miti mirefu, kanisa, shule ya wasichana na hospitali ya misheni. Hapo ndipo Mukumu, kwetu. Mapadre wa Mill Hill walijenga misheni yao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na watu wengi huijua Mukumu kwa sababu ya misheni hiyo. Mimi naijua zaidi kwa miteremko yake.

Wasomaji watanisamehe nikianza habari za viwanja vya starehe vya nchi za mbali kwa kusimulia barabara ya nyumbani. Lakini kila nilipokwenda, Abu Dhabi, Blackpool hata Nairobi, nilikuwa natafuta kitu nilichokionja kwanza katika basi la kutoka Kisumu. Siku hizo madereva wengine walikuwa wakizima injini kwenye mteremko ili kuokoa petroli. Ghafla kelele ilikoma, tukasikia upepo na kuku waliofungwa chini ya viti, na basi likateremka kwa uzito wake tu. Tumbo lililegea kana kwamba limeachwa nyuma kilimani. Akina mama walimkemea dereva. Sisi watoto tuliomba Mungu mteremko usiishe. Sisifu tendo la madereva hao, kwa maana lilikuwa tendo la hatari kubwa. Nasema tu kwamba ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Nyumbani tulikuwa na njia zetu za kuufuata utamu huo. Mvua ikinyesha tulikalia magome ya mgomba tukaserereka juu ya udongo mwekundu hadi kijitoni, na jioni tulichapwa kwa ajili ya nguo. Wakati wa kiangazi tulitengeneza vigari vya mbao. Magurudumu yalikuwa vipande vya gogo vilivyokatwa mviringo, ekseli ilikuwa mti wa mpera, na ili lizunguke vizuri tulipaka oili chafu tuliyoomba kwa mafundi wa magari pale Khayega.

Mwaka wa 1982 nilitengeneza kigari kizuri kupita vyote vya kijijini, au hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kilikuwa na kiti cha watu wawili na kamba ya kuongozea. Nilimweka binamu yangu mbele, nikamsukuma, nikakusudia kurukia nyuma, ila kigari kiliniponyoka. Kwenye kona gurudumu la kushoto lilipanda jiwe, likainuka, kigari kikaiacha njia na kumtupa kwenye mashina ya mikalitusi. Nilimkuta amekaa kimya, ameushika mkono wake wa kulia kana kwamba si wake. Watu wazima walimbeba hadi hospitalini, na mkono ulipona, lakini kiwiko hakikunyooka tena kamwe. Hata leo akinyosha mkono huo huishia nusu ya njia. Hakunilaumu hata siku moja. Mama yangu ndiye aliyenilaumu, tena kwa haki, na mimi mwenyewe niliendelea kujilaumu miaka mingi baada ya yeye kunyamaza.

Basi ikawa ajabu kwamba mtoto huyo huyo aliyeharibu alikua akawa fundi wa lifti, kazi ambayo yote ni kuwapandisha watu juu na kuwashusha salama. Kazi hiyo ilinipeleka Abu Dhabi mwaka wa 2009. Mwaka uliofuata palifunguliwa katika kisiwa cha Yas uwanja mkubwa wa starehe uitwao Ferrari World, wenye paa jekundu lionekanalo kutoka mbali. Wenzangu Wakenya walitumia siku zao za mapumziko kulala au kupiga simu nyumbani. Mimi niliweka akiba mpaka nikapata kiingilio, ambacho kwangu kilikuwa mshahara wa siku kadhaa, nikaenda kuiona rolakosta.

Kwa wale wasioijua, rolakosta ni gari la reli lisilo na injini ndani yake. Kwa desturi mnyororo hulivuta polepole hadi kilele cha kwanza, ambacho sharti kiwe kirefu kuliko vyote vinavyofuata, na hapo huachwa. Toka hapo hadi mwisho huendeshwa na uzito wake mwenyewe, likishuka na kupanda kwa nguvu ile ile iliyowekwa kwenye kilele, kama basi letu lenye injini iliyozimwa. Ile ya Abu Dhabi, iitwayo Formula Rossa, haina subira ya mnyororo. Hurushwa mbele kwa mtambo wa nguvu za mafuta yaliyoshindiliwa, mfano wa ule unaorusha ndege kutoka juu ya manowari, na kwa muda wa sekunde tano hivi hufikia kasi ya kilomita 240 kwa saa. Kwa zaidi ya miaka kumi hapakuwa na nyingine duniani iliyoishinda kwa kasi. Abiria hupewa miwani ya kuziba macho kwa ajili ya mchanga na wadudu. Ukweli ni kwamba sikumbuki mengi ya safari ile. Nakumbuka mashavu yangu yakirudi nyuma masikioni, na nakumbuka kwamba niliposimama nilicheka mpaka mlinzi mmoja, kijana wa Uganda, akaniuliza kwa Kiswahili kama ni mzima.

Nilirudi mara nyingi. Mara ya tatu au ya nne nilianza kutazama chini badala ya mbele, kama afanyavyo fundi yeyote mbele ya mtambo wa fundi mwenzake. Nikaona jambo ambalo lilininyima usingizi usiku ule. Gari la rolakosta halina magurudumu ya juu ya reli peke yake. Linayo mengine ya ubavuni, yanayolizuia lisiyumbe kwenye kona, na mengine yaliyofichwa chini ya reli, yanayoikumbatia kutoka chini. Gari likifika kileleni na kutaka kuruka hewani, magurudumu hayo ya chini hulishika na kusema hapana. Mtu aliyeyafikiri ni Mmarekani John Miller, naye aliandikishiwa haki ya ubunifu wake mwaka wa 1919. Kabla yake michezo hii ilikuwa ya unyenyekevu. Warusi wa zamani waliserereka kwenye vilima vya barafu vilivyojengwa kwa mbao, ndiyo maana Wafaransa hata leo huiita rolakosta milima ya Kirusi; na huko Coney Island, karibu na New York, bwana LaMarcus Thompson alifungua mwaka wa 1884 njia yake ya reli iliyotoza senti tano na kwenda kasi ya kilomita 10 hivi kwa saa, ambayo mtoto wa Mukumu juu ya gome la mgomba angeipita akiimba. Gurudumu la chini ndilo lililowaruhusu wajenzi kuinua vilima na kukaza kona bila kuua watu.

Nililala nikikifikiri kigari changu. Kilikuwa na magurudumu manne ya kukimbia, na hakikuwa na hata moja la kushika. Si kwamba mtoto wa miaka kumi angeweza kulijua jambo hilo. Lakini nilifarijika kidogo kulipa jina kosa langu.

Mwaka wa 2016 dada yangu, ambaye ni muuguzi kaskazini ya Uingereza, aliniita kumtembelea, akadhani nitataka kuona London. Nilimwambia nataka kuona Blackpool. Mji huo uko ufuoni mwa bahari ya Ireland, na uwanja wake wa starehe ulianzishwa mwaka wa 1896. Pana rolakosta ya chuma iitwayo The Big One, ambayo ilipofunguliwa mwaka wa 1994 hapakuwa na iliyoizidi urefu duniani, kiasi cha mita 65 kwenda juu. Ukiwa kileleni huoni reli mbele yako. Waona bahari ya kijivu tu, na upepo wake wauma hata mwezi wa Julai. Dada yangu alikataa kupanda, akakaa benchini na mikoba yetu akisali rozari, jambo lililowafurahisha wapita njia.

Lakini niliyoipenda ni ile ya mbao, Big Dipper, iliyojengwa mwaka wa 1923 kwa michoro ya yule yule John Miller. Rolakosta ya chuma huteleza kama samaki. Ya mbao hutetemeka, hulia, hunuka grisi, na wakati wa kupanda husikika ta-ta-ta-ta, yaani kucha za chuma zikidondokea meno ya njia moja baada ya jingine, ili mnyororo ukikatika gari lisirudi nyuma. Wengi hudhani kelele ile imewekwa ili kuwatisha. Kinyume chake, ni sauti ya usalama wenyewe. Katika njia za namna hiyo mafundi hutembea kwa miguu asubuhi kabla ya abiria kuingizwa, wakitazama mbao na misumari, kisha magari hupelekwa matupu kwanza. Nilipanda mara sita siku ile. Karibu miaka mia moja tangu ijengwe, na watu waliipanda wakipiga mayowe, kisha wakaenda kula viazi na samaki.

Siwezi kusema hivyo juu ya kila mahali. Niliporudi Kenya nilimpeleka mpwa wangu kwenye mchezo mmoja wa kuhamahama uliopiga kambi katika mji mmoja wa magharibi. Jina la mji na la wenyewe nayaacha. Palikuwa na gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, lenye taa za rangi na muziki mwingi. Kiti tulichopewa kilikuwa kimefungwa kwa waya mahali palipostahili bolti. Nilimwonyesha kijana mwenye mtambo. Akaniuliza kama mimi ni mhandisi. Nilimteremsha mpwa wangu, naye akalia njia nzima mpaka Mukumu, akiniita mwoga mbele ya abiria wote wa matatu. Waoga wa namna hiyo wangefaa wawe wengi. Mwenye mtambo wa kubeba watoto wa wenzake angebandika mlangoni karatasi ya mkaguzi, yenye tarehe, kama lifti zinavyopasa kuwa nayo. Na mzazi angeiuliza karatasi hiyo kabla ya kuuliza bei.

Binamu yangu alisikia kisa hicho akacheka sana. Yeye ni mkulima na mfugaji, mtu wa fahali, ambaye alfajiri ya mchezo wa mafahali hapo Khayega huwa mbele ya wote, anakimbia kando ya pembe na ngoma za isukuti zikivuma. Ndipo aliponiambia, kwa mara ya kwanza katika miaka 36, kwamba angependa kuona hicho kitu ninachokisimulia kila nirudipo.

Mwaka wa 2018 tulikwenda naye Nairobi, hadi Two Rivers kwenye Barabara ya Limuru, jumba la maduka lililofunguliwa mwaka uliotangulia, lenye uwanja wa starehe kando yake. Palikuwa na gurudumu kubwa na rolakosta. Rolakosta hiyo si kubwa. Huko Blackpool ingehesabiwa ya watoto. Lakini nilipoiona nilitoka jasho, nami nilikuwa nimekwisha kupanda ile ya kilomita 240. Tulisimama foleni pamoja na watoto wa shule. Kabla ya kuketi binamu yangu aliinama kwenye ukingo wa jukwaa, mzee mzima mwenye koti la Jumapili, akachungulia chini ya gari mpaka mhudumu akauliza kama amedondosha kitu.

"Lipo," akasema, akajipangusa magoti.

"Lipi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Hilo la chini, ndugu yangu. Si ulisema ndilo hukukiwekea kile chetu?"

Tulikaa kiti cha mbele. Mhudumu alivuta vyuma vya kukinga, akavitikisa kimoja kimoja, jambo lililonipendeza. Gari lilianza kupanda. Nilishika chuma kwa mikono miwili, nikafumba macho, nami sijawahi kufumba macho popote. Kileleni watoto wote nyuma yetu walipiga kelele, na niliposikia binamu yangu naye anapiga kelele niliyafumbua kwa hofu. Alikuwa ameinua mikono juu, kama walivyofanya wale watoto. Wa kushoto ulikuwa umenyooka hadi vidole. Wa kulia ulikwenda hadi pale unapoishia, ukakaa hapo, ukipepea.

Tulipanda tena mara mbili kwa fedha yake.

Jioni ya siku ya pili tulikuwa katika matatu kutoka Kisumu. Gari liliteremka kuelekea mto Yala, na lami mpya ilikuwa laini, dereva akaachia kidogo. Binamu yangu, niliyedhani amelala, alifungua jicho moja.

"Kigari chako," akasema, "kilikuwa na kasi zaidi."