Uwanja wa timu iliyofungwa mara 44

Muhula uliopita timu ya shule ya mwanangu ilifungwa mechi sita mfululizo. Yeye ndiye kipa. Tulipofunga safari kutoka Morogoro kwenda New York kumtembelea shangazi yake, viatu vya mpira aliviacha uvunguni kwa makusudi. "Mama, mimi na mpira basi," alisema.

Wifi yangu aliisikia habari hiyo, akanyamaza. Jumapili moja akatupandisha treni namba 1. Tukashuka mtaa wa 215, karibu na ncha ya kaskazini ya Manhattan, tukatembea hadi uwanja wa Chuo Kikuu cha Columbia. Ilikuwa Julai, hakuna mechi. Tulichungulia kwenye uzio: nyasi za kijani, viti vitupu, na ng'ambo ya mto herufi C kubwa ya buluu iliyochorwa kwenye mwamba.

"Shangazi, hapa kuna nini?" mtoto akauliza.

"Hapa wamefungwa sana, baba."

Akamsimulia. Ni mpira wa Kimarekani, ule wa kushika mikononi na kuvaa kofia ngumu. Kuanzia mwishoni mwa 1983 Columbia walipoteza mechi 44 mfululizo. Misimu minne mizima, 1984 hadi 1987, hawakushinda hata moja. Mwaka 1985 waliongoza Harvard 17-0, wakaishia kufungwa 49-17, na kocha wao akawasema vibaya hadharani. Mtu aliyejiunga na chuo mwaka 1984 aliweza kusoma miaka yake minne na kuhitimu bila kuonja ushindi.

Tena vyuo vya ligi yao havitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Aliyeacha mpira hakunyang'anywa ada. Mlango ulikuwa wazi kila Jumatatu, na bado timu ilipatikana kila Jumamosi.

Tarehe 8 Oktoba 1988, kwenye uwanja huu huu, waliwafunga Princeton 16-13. Mashabiki wakamiminika uwanjani. Ubingwa wa ligi walikuja kuupata tena mwaka 2024, wakiugawana na Harvard na Dartmouth. Mara ya mwisho ilikuwa 1961.

"Kwa nini hawakuacha?" mtoto akauliza.

"Sijui, baba. Labda kila mmoja aliona haya kuwaacha wenzake."

Kwenye treni ya kurudi sote tulikuwa kimya. Mimi nilikuwa najihoji. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na wazazi tunaupenda sana msemo huo. Lakini kila mwanangu alipoingia mlangoni na jezi yenye vumbi, swali langu la kwanza lilikuwa "Mmeshinda?" Mara sita nilimlazimisha aseme hapana kabla hajanywa maji. Huenda viatu vile nilisaidia kuvisukuma uvunguni.

Tuliporudi nyumbani sikumwambia neno kuhusu mpira. Siku ya tatu nikavikuta viatu vimeanikwa juani, vimesuguliwa kwa mswaki wa zamani.

Wiki iliyopita wamefungwa tena, mbili bila. Alipoingia nilimpa maji kwanza, nikamwuliza mchezo ulikuwaje. Alikaa jikoni karibu nusu saa akinieleza penalti moja aliyoipangua.